Kelele za Kompyuta na Ishara za Kidijitali Zisizosomeka: Utatuzi kwa Msikilizaji wa Masafa Mafupi

Msikilizaji anayeunganisha redio ya masafa mafupi na kompyuta ili asome ramani za hali ya hewa, teleksi za redio au mazungumzo ya FT8 (mfumo wa kidijitali wa ujumbe mfupi) ya wanaredio wa ridhaa hugundua mapema kwamba mashine inayomsomea ishara ndiyo hiyo hiyo inayoifukia kwa kelele. Malalamiko yanayofuata huwa ya aina mbili. Wengine husema hawasikii kitu ila mvumo tangu kompyuta ilipowashwa. Wengine husema wanasikia ishara vizuri kabisa, lakini programu inaandika upuuzi au haiandiki chochote. Makundi haya mawili hayana tiba moja, na aliye kwenye kundi la pili hupoteza fedha nyingi akinunua vichujio kwa ajili ya tatizo ambalo, mara nyingi, ni saa ya kompyuta iliyochelewa kwa sekunde tatu.

Kabla ya kuilaumu kompyuta

Chukua redio inayotumia betri, iweke karibu na megahezi 10 mahali pasipo na stesheni, kisha zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Kumbuka kiwango cha kelele kinachobaki, maana huo ndio ukimya wa kweli wa mahali ulipo. Rudisha umeme, lakini kompyuta ibaki imezimwa. Kisha iwashe ikitumia betri yake yenyewe, bila waya wowote. Mwisho chomeka adapta. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu anayebadilisha mawili hatajua ni lipi lililosaidia. Umeme unapokatika mtaa mzima msikilizaji hupata nafasi ambayo hawezi kuinunua: kelele ikitoweka wakati huo, ilhali kuzima umeme wa nyumba yake hakukuwa kumeipunguza, basi chanzo kiko kwa jirani, na hakuna pete ya feraiti (kauri ya sumaku inayozuia kelele kwenye waya) itakayofungwa kwenye kompyuta yako ikaiponya.

Mipasuko isiyo na mpangilio, inayozidi usiku na chini ya megahezi 10, ni radi. Mashariki ya Kongo na eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mawimbi ya radi hizo husafiri mbali kama yanavyosafiri ya stesheni. Dawa yake ni kupanda kwenye masafa ya juu zaidi au kusubiri, na mawingu yakikaribia, kuchomoa antena kabisa.

Kuna pia sauti ambazo mgeni huzidhania kuwa ni za kompyuta kumbe ni ishara halali. Mvumo laini kama wa maji ya bomba, wenye upana wa kilohezi 10, unaoanza na kwisha kwa kufuata ratiba ya vipindi, ni matangazo ya kidijitali ya DRM. Mlio wa kugonga haraka haraka kama cherehani, unaofunika makumi ya kilohezi na kuhama bila kuaga, kwa kawaida ni rada ya kuona ng'ambo ya upeo wa macho. Haya hayaondolewi nyumbani.

Kelele imepita wapi?

Ikithibitika kwamba kompyuta ndiyo chanzo, kelele yake huingia redioni kwa njia tatu kuu: hewani hadi kwenye antena, kupitia nyaya za umeme, au kupitia kebo ya sauti inayounganisha vyombo hivyo viwili. Kuzitenganisha hakuhitaji kipimo chochote. Chomoa kebo ya sauti peke yake. Kelele ikishuka, njia ni hiyo. Ikibaki, irudishe kisha chomoa antena ya nje. Kelele ikiendelea kwa nguvu ile ile, basi inapita kwenye nyaya za umeme au inaingia moja kwa moja kwenye bodi ya redio. Ikizimika pamoja na antena, inakuja kwa antena. Hatua hizi huchukua dakika tano, na ni heri kuzifanya kabla ya kutoa shilingi.

Vilima vya kelele vinavyojirudia kwenye masafa

Unapozungusha kitufe cha masafa unakutana na mvumo unaopanda na kushuka, labda kila baada ya kilohezi 60 au 100, na kila kilima kinayumba kidogo kama kilicholewa. Hii ni adapta. Adapta za siku hizi hukata umeme mara makumi hadi mamia ya maelfu kwa sekunde, na kila mkato huzaa milio inayojirudia kupanda hadi juu ya masafa mafupi yote. Umbali kati ya kilima na kilima ndio kasi ya ukataji. Ukichomoa adapta na kilima kikatoweka papo hapo, hukumu imekwisha kutoka.

Tiba ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, ni kusikiliza kompyuta ikiwa kwenye betri. Wengi huidharau kwa kuwa haigharimu kitu, lakini ndiyo ninayoitumia hadi leo kwa usikilizaji wa saa mbili tatu. Asiyeweza kufanya hivyo ajaribu adapta nyingine, kwa sababu tofauti kati ya adapta mbili zenye volti sawa inaweza kuwa kubwa mno. Adapta za bei rahisi zinazouzwa kuziba pengo la ile iliyokuja na kompyuta mara nyingi zimepunguziwa vifaa vya kuchuja. Nimefungua zaidi ya moja nikakuta mahali pa koili ya kuchujia pamepitishwa vipande viwili vya waya.

Usisahau adapta nyingine zilizomo chumbani. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani, ruta na taa ya LED hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Kwenye nyumba yenye sola, kelele inayokuja na jua na kuondoka nalo hutoka kwenye kidhibiti chaji, na ile inayoanza jioni taa zinapowashwa hutoka kwenye inveta.

Kelele iliyo sawa kila mahali isipokuwa kwenye vipande vichache

Hii ni dalili adimu lakini huwezi kuikosea. Masafa yote kuanzia megahezi 2 hadi karibu 28 yamejaa mkwaruzo, ila kwenye vipande vya wanaredio wa ridhaa, kwa mfano megahezi 14 hadi 14.35, kuna ukimya uliokatwa kwa kisu. Mahali fulani jengoni kuna vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, na watengenezaji wameviacha vipande hivyo kwa makusudi. Tandaza kebo ya mtandao badala yake, au umwombe jirani afanye hivyo.

Mngurumo unaokuja na kebo ya sauti

Redio ni safi hadi kebo ya sauti inapochomekwa kwenye kompyuta, kisha unasikia mngurumo mzito wa hezi 50 au 100, au mvumo unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Mara nyingine kompyuta hiyo hiyo hukutekenya mkononi unapogusa sehemu yake ya chuma. Mambo haya yana asili moja. Adapta isiyo na ethi, yaani waya wa ardhini, huvujisha umeme mdogo kupitia kapasita za kichujio chake, umeme huo hutafuta njia ya kwenda ardhini, na waya wa nje wa kebo ya sauti, redio na antena yako huwa ndiyo njia yenyewe.

Suluhisho sahihi ni transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1, ile ya omu 600 kwa 600, inayowekwa katikati ya kebo. Sauti hupita kwa usumaku, lakini hakuna waya unaogusana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vifaa vya kuondoa mngurumo vinavyouzwa kwa ajili ya redio za magari vina transfoma hizo hizo ndani yake na hufaa. Kuna mafundi wanaoshauri kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mngurumo unaweza kutoweka, lakini siku kifaa kitakapopata hitilafu, bodi yake ya chuma itakuwa na volti 230 na hakutakuwa na kitu cha kukata umeme kabla yako.

Kelele inayotembea juu ya nyaya

Kompyuta yenyewe ni ndogo mno kuwa antena nzuri ya masafa mafupi. Nyaya zake ndizo zinazorusha kelele. Kebo ya skrini, ya printa, ya mtandao na ya adapta zina urefu wa mita moja hadi kadhaa, na mkondo wa kelele unaotembea juu ya ngozi ya kebo hizo hurushwa hewani. Jaribu kuchomoa moja baada ya nyingine huku ukisikiliza. Kelele inayobadilika kulingana na picha iliyo kwenye kioo, kwa mfano ukifungua ukurasa mweupe juu ya mweusi, ni ya skrini au kebo yake.

Hapa ndipo feraiti inapohusika, na hapa ndipo inapotumiwa vibaya zaidi. Kile kinundu cheusi kinachobanwa juu ya kebo kikapitwa mara moja tu husaidia kwenye masafa ya juu sana, kama ya televisheni, lakini kwenye megahezi 7 hakifanyi kazi ya kuonekana. Kizuizi huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko: ukiipitisha kebo ndani ya pete mara 3 unapata takriban mara 9 ya mzunguko mmoja, na ukiipitisha mara 10 unakaribia mara 100, hadi pale mizunguko inapoanza kuingiliana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo pete moja kubwa yenye mizunguko kumi ya kebo inashinda vinundu kumi vilivyopangwa kama shanga. Tafuta feraiti ya aina ya 31, ambayo ilitengenezwa kwa masafa haya. Ya 43 hufaa pia, ingawa inalegea kwenye masafa ya chini. Ifunge karibu kabisa na pale kebo inapotoka kwenye chanzo cha kelele.

Antena iliyo karibu mno

Karibu na chanzo, nguvu ya kelele hushuka kwa kasi kubwa kila unapoongeza umbali. Eneo hilo la karibu huishia takriban sehemu moja ya sita ya urefu wa wimbi. Kwa megahezi 10, ambapo wimbi lina mita 30, ni kama mita 5. Ndiyo maana kuihamisha antena kutoka dirishani hadi kwenye mwembe ulio mita kumi nyuma ya nyumba huleta badiliko ambalo hakuna programu ya kupunguza kelele inayoweza kulileta. Ishara ya stesheni iliyosafiri kilomita elfu tano haipungui kwa mita hizo kumi.

Lakini antena ikishatoka nje, kebo ya koaksia inayoirudisha ndani inaweza kuikokota kelele ya nyumba hadi kwenye waya kwa kupita juu ya ngozi yake. Weka pete ya feraiti yenye mizunguko kumi ya koaksia upande wa antena, na nyingine kabla ya redio. Mtu anayeishi ghorofani, asiye na mwembe wala uwanja, afikirie antena ya duara: ina pande mbili isizosikia, na ukiizungusha taratibu unaweza kuielekeza mojawapo kwenye chanzo cha kelele. Kama duara hilo lina kikuza ishara kinachopewa umeme na tundu la USB la kompyuta, umeirudisha kelele kwa mlango wa nyuma. Kipe betri yake.

Mstari usiosogea kwenye mchoro wa maporomoko

Wanaotumia kipokezi cha programu (SDR) kinachochomekwa kwenye USB huona mstari mwembamba katikati kabisa ya mchoro wa maporomoko, yaani picha ya ishara inayoteremka kwenye kioo cha kompyuta, hata wakibadilisha masafa. Huo umezaliwa ndani ya kipokezi na si kelele ya nje. Weka ishara unayoitaka kando kidogo ya katikati. Mistari inayobaki kwenye masafa yale yale hata antena ikichomolewa hutoka kwenye saa za ndani za kipokezi au za kompyuta, na kukitenga kipokezi kwa kebo fupi yenye ngozi nzuri, iliyozungushwa kwenye feraiti, huipunguza.

Ishara inasikika, programu haisomi

Sasa tuseme redio ni safi. Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa kusimbua, piga makofi mbele ya kompyuta. Mchoro ukiruka, programu inasikiliza maikrofoni ya ndani ya kompyuta na si redio yako. Hutokea sana kwenye kompyuta zenye tundu moja la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, ambazo zinahitaji plagi yenye sehemu nne za kugusa au kigawanyishi. Baada ya hapo zima maboresho yote ya sauti kwenye mipangilio ya kompyuta, hasa ya kuondoa kelele za chumbani, kwa kuwa yametengenezwa kwa sauti ya mwanadamu na mlio wa kidijitali huuhesabu kuwa uchafu.

Kiwango cha sauti ndicho kinachofuata. Tundu la maikrofoni limezoea milivolti chache, ilhali tundu la hedifoni la redio hutoa mamia. Ukiona mlio mmoja wa hezi 800 umejitokeza tena kwenye 1600 na 2400, sauti imezidi na imepasuka. Punguza redio, si programu. Kwenye WSJT-X, programu ya kusomea FT8, kipimo cha pembeni kinapaswa kuonyesha takriban desibeli 30 pale ambapo hakuna ishara.

Halafu ukanda, yaani upande wa wimbi ambao redio inausoma. Herufi USB kwenye kioo cha redio hazihusiani na tundu la kompyuta. Zinamaanisha ukanda wa juu, na LSB ni ukanda wa chini. Ukikosea ukanda, milio yote hugeuka kichwa chini: ramani ya faksi huwa nyeusi palipotakiwa weupe, teleksi huwa takataka, na FT8 haitoi hata herufi moja. FT8 husikilizwa kwenye ukanda wa juu daima, hata kwenye kilohezi 7074 ambako wanaoongea kwa sauti hutumia wa chini.

Teleksi inayoandika herufi mahali pa tarakimu

Uwanja mzuri wa kujifunzia ni idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, ambayo hurusha teleksi kutoka Pinneberg kwenye kilohezi 4583, 7646 na 10100.8, na mchana kwenye 11039 na 14467.3. Kasi ni baudi 50 (alama 50 kwa sekunde) na umbali kati ya milio miwili ni hezi 450. Programu nyingi huanza na baudi 45.45 na hezi 170 za wanaredio wa ridhaa, na hilo peke yake linatosha kuleta takataka. Masafa yanayotangazwa ni ya katikati, kwa hiyo kama programu yako imeweka katikati yake kwenye hezi 1500, redio yenye ukanda wa juu itakaa kwenye 10099.3. Pasipo habari ya kutuma, hurudia RYRYRY pamoja na orodha ya masafa, na hapo unaweza kurekebisha kwa utulivu.

Kuna kosa moja ambalo limewasumbua wengi. Maandishi ya Kiingereza au Kijerumani yanakuja safi, lakini makundi ya tarakimu tano za vituo vya hali ya hewa yanatokea kama herufi, mathalani QPEIR. Teleksi hutumia alama zile zile kwa herufi na tarakimu, na hutuma alama maalumu ya kuhamia upande wa tarakimu. Programu nyingi zina mpangilio wa kurudi kwenye herufi kila baada ya nafasi tupu, jambo linalowafaa wanaozungumza lakini linaloharibu jedwali. Uzime. Yaliyokwisha kuharibika husomeka kwa kufuata safu ya juu ya kibodi, Q ikiwa 1, W ikiwa 2, hadi P ambayo ni 0, kwa hiyo QPEIR ni 10384.

FT8 inaonekana lakini kisanduku ni kitupu

Ukiona mistari myembamba inayoanza na kukoma kila sekunde 15, tena imekoza, na hakuna jina la kituo hata moja, tazama saa. Mfumo huu, uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hutuma kwa sekunde 12.64 kuanzia mwanzo wa kila robo ya dakika, na programu huanza kusikiliza kwa saa ya kompyuta yako. Kosa la sekunde moja huvumiliwa, la sekunde tatu huua kila kitu. Safu ya DT, yaani tofauti ya muda kwa sekunde, humsaidia anayesoma vituo vichache tu: kama karibu vyote vinaonyesha 1.6, wewe ndiye uliyekosea. Pasipo intaneti, sahihisha saa kwa mkono kwa kusikiliza mapigo ya stesheni za muda kama BPM ya China kwenye megahezi 10.

Ramani ya faksi iliyolala upande

Pinneberg hurusha pia ramani kwenye kilohezi 3855, 7880 na 13882.5, redio huwekwa kilohezi 1.9 chini ya masafa hayo, kwa ukanda wa juu. Ramani ikipinda kama mnara unaoanguka, kasi ya kadi ya sauti haiko sawa na ile inayodaiwa. Mistari ni 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kila mmoja, na kosa dogo la sehemu 100 katika milioni likikusanyika kwa dakika kumi huwa sekunde 0.06, sawa na asilimia 12 ya upana wa ramani. Programu kama fldigi zina kitelezi cha kunyoosha mpindo. Kiweke mara moja, kitafaa kwa kompyuta hiyo siku zote. Ramani iliyonyooka lakini iliyokatwa, nusu ya kulia ikiwa kushoto, imekosa tu alama ya mwanzo, na husogezwa kwa mkono.

Na ikiwa kila pwani imechorwa mara mbili, ya pili ikiwa hafifu na imesogea kidogo pembeni, acha kutafuta kosa mezani. Wimbi limefika kwa njia mbili, moja ikiwa imeruka angani mara nyingi kuliko nyingine na hivyo kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hamia kwenye masafa mengine ya kituo hicho hicho, au ungoje saa moja hivi hadi njia moja ifungwe.